Thenashara Taifa wa Mvita

Neno taifa katika masikio yetu leo lina maana ya watu wa nchi nzima walio chini ya bendera moja. Walakini katika Mji wa Kale wa Mombasa neno hilo lina maana nyingine iliyotangulia. Mzee wa huko akiulizwa taifa lake huweza kujibu kwamba yeye ni Mkilifi, au Mpate, au Mfaza, ijapokuwa yeye na baba yake na babu yake wote walizaliwa kisiwani. Jawabu lake ni historia iliyofupishwa katika neno moja. Latuambia kuwa wahenga wake walitoka katika mji mwingine, na kwamba jina la mji huo halikuachwa njiani.

Ni jambo gani lililowaondoa watu makwao? Hawakuja wote kwa siku moja wala kwa sababu moja, lakini wengi walisukumwa na misukosuko ya karne ya 16 na ya 17. Mwaka 1587 Wareno waliuvamia mji wa Faza, wakawaua watu wake na kuikata minazi yao. Miji ya pwani ya bara, Kilifi ukiwa mmojawapo, ilidhoofishwa na mashambulio ya Wagala, ambao leo huitwa Waoromo. Magofu ya Mnarani, yaliyo juu ya hori ya Kilifi, yangali yakishuhudia mji uliohamwa. Mombasa yenyewe haikusalimika. Mwaka 1589 ilipigwa na Wareno na Wazimba, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome yao, Fort Jesus. Hata hivyo kisiwa kilichozungukwa na maji, chenye bandari njema, kilikuwa kimbilio bora kuliko mji ulioachwa wazi.

Basi wageni hawa waliishije pamoja na wenyeji? Walijipanga katika mafungu mawili. La kwanza liliitwa Tisa Taifa, nao ni Wamvita, Wakilifi, Wamtwapa, Wajomvu, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. La pili liliitwa Thalatha Taifa, nao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa na tatu ni kumi na mbili, ndiyo maana wote pamoja huitwa Thenashara Taifa. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, na kila fungu lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamim. Kadhalika mataifa hayo yalikuwa na marafiki miongoni mwa Wamijikenda wa bara. Wakilindini, mathalani, walishikamana na Wadigo.

Mtu aweza kudhani kuwa mji uliogawanyika hivyo hauwezi kufanya shauri moja. Mwaka 1729 ulionyesha kinyume chake. Wareno walikuwa wamerudi Mombasa mwaka uliotangulia, na utawala wao ukawachosha watu. Wenyeji wakainuka, wakawatoa, na shauri la kuomba msaada wa Oman likawa la mafungu yote mawili. Hakuna aliyelazimika kuacha kuwa Mpate au Mkilindini ili ajiunge na wenziwe. Jina la asili lilikuwa kama kiti cha mtu barazani: lilimpa mahali pa kukaa na haki ya kusema.

Lakini kiti kile kile chaweza kugeuzwa silaha. Wamazrui walioitawala Mombasa baadaye walihitaji radhi ya mafungu yote mawili. Mafarakano yalipoingia mjini, Seyyid Said, ambaye alikuwa amejaribu mara kadhaa kuutwaa mji bila ya kuweza kuushika, aliupata mwaka 1837. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Jambo hili si la Mombasa peke yake. Mwaka 1959 Dalai Lama na maelfu ya watu wa Tibet walikimbilia India. Walitoka katika majimbo matatu, U-Tsang, Kham na Amdo, yenye lahaja na desturi mbalimbali. Mwaka 1960 walipounda baraza lao ugenini, waliwapa watu wa kila jimbo viti vyao. Waliona, kama walivyoona wazee wa Mvita, kwamba aliyepoteza nchi hapendi kupokonywa na jina pia.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mombasa ilipona kwa wageni wake. Wajukuu wa Pate na wa Shaka walikua wakisema Kimvita, wakaoana na jirani zao, wakazikwa katika udongo wa kisiwa. Umoja wao haukuletwa na amri ya kusahau. Uliletwa na mazoea ya kukaa baraza moja, na ulivunjika kila baraza ilipoachwa.

Kenya iliyopata uhuru mwaka 1963 ina makabila yapatayo arobaini na zaidi, na shauri hili lingali mbele yetu. Basi, mwanafunzi, ukipita mitaa ya Kibokoni au Mjua Kale, umsalimu mzee aliyeketi barazani, umwulize taifa lake na jinsi watu wake walivyofika. Kisha umwulize jirani yake. Majibu yatakuwa mawili, na baraza ni moja.