Michoro Sahili katika Kufundisha Usanifu Majengo

Kwa karne nyingi usanifu majengo barani Ulaya ulifundishwa penye ujenzi wenyewe. Kijana alikaa chini ya fundi mkuu kwa miaka, akichonga mawe na kupima, mpaka mkono na jicho vikazoea kazi. Michoro ilikuwepo, lakini ilimkumbusha mtu jambo ambalo tayari alilijua. Katika karatasi 33 za ngozi zilizobaki za daftari la Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, mna minara, mitambo, na sura za watu zilizopangwa juu ya pembetatu, huku maelezo yakiwa machache mno kwa asiyeijua kazi.

Uchapaji ulipanua duara la wasomaji. Mwaka 1570 Andrea Palladio alichapisha mjini Venice vitabu vinne vya usanifu, na ndani ya ramani za majumba yake aliandika urefu na upana wa vyumba. Msomaji wa mbali aliweza kuona jinsi chumba kimoja kilivyolingana na kingine. Hata hivyo, alichopewa kilikuwa mfano wa kuigwa. Hatua za kubuni jengo jipya hakuoneshwa.

Hatua hizo zilitafutwa kwa sababu ya uhaba wa muda. Chuo cha École Polytechnique, kilichoanzishwa Paris mwaka 1794, kiliandaa wahandisi wa serikali na jeshi, na usanifu ulikuwa somo dogo kando ya hisabati na sayansi. Mwalimu wake, Jean-Nicolas-Louis Durand, hakuwa na miaka ya kumlea mwanafunzi mmoja mmoja. Kwanza alitoa, kati ya 1799 na 1801, mkusanyo wa majengo ya zama na nchi mbalimbali, yamepangwa kwa aina na kuchorwa yote kwa skeli moja, ili tofauti zao zionekane kwa kutazama tu. Kisha, katika mihadhara aliyoichapisha kati ya 1802 na 1805, akaeleza utaratibu wa kubuni. Mwanafunzi huchora mistari sambamba yenye nafasi sawa, akaikata kwa mingine ya aina hiyo hiyo, ikawa miraba. Kuta hufuata mistari, na nguzo husimama inapokutana. Baada ya hapo kila nafasi hugawanywa mara mbili, na kwenye mistari mipya huwekwa milango na madirisha. Kwa njia hii hata asiye na kipaji cha kuchora aliweza kupanga hospitali au kambi ya jeshi. Kilichopungua ni mahali: mteremko wa ardhi, upepo na majirani havionekani kwenye miraba.

Chuo cha sanaa cha Paris, École des Beaux-Arts, kilishika njia nyingine. Katika mashindano yake ya karne ya 19, mwanafunzi alifungiwa kibandani, kwa kawaida kwa muda wa saa 12, atoe mchoro mdogo wa wazo kuu. Nakala ilibaki chuoni, naye alitumia wiki zilizofuata kulikuza wazo hilo bila ruhusa ya kuliacha. Mchoro huo ulimfunza kuamua mapema lipi ni kubwa katika jengo na lipi linafuata.

Karne ya 20 ilihamishia macho kwenye matumizi ya jengo. Mwaka 1928, nchini Ujerumani, Alexander Klein alilinganisha ramani mbili za nyumba kwa kuchora njia za wakazi kutoka chumba hadi chumba. Katika moja mistari ilipishana ovyo. Katika ile aliyoibuni mwenyewe njia zilikuwa fupi na hazikukutana. Baadaye, vyuo vya Marekani vilizoea michoro ya viduara: kila shughuli duara lake, na mistari ya kuonesha zipi zikae karibu. Hatari yake ilikuwa mwanafunzi kuyageuza maduara yale yale kuwa vyumba, bila kufikiria umbo wala mwanga.

Wengine walirudi kwenye umbo. Katika miaka ya 1950, John Hejduk na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, walianzisha zoezi la miraba tisa. Mwanafunzi alipewa gridi ya tatu kwa tatu, nguzo, mihimili na vibao, kisha akatafuta mwenyewe maana ya katikati na pembeni, ya wazi na kilichozibwa.

Christopher Alexander alijaribu kuunganisha mahitaji na umbo. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 aliorodhesha mahitaji 141 ya kijiji cha India, akayagawa kwa hisabati katika makundi, na kila kundi akalichorea mchoro wake. Toleo la 1971 lilikuja na dibaji mpya, ambamo aliwaonya wasomaji dhidi ya kufuata utaratibu huo kwa upofu. Alichokiona cha thamani ni michoro yenyewe, kwa kuwa kila mmoja ulitatua tatizo moja na uliweza kuboreshwa peke yake. Kutokana na msimamo huo alitoa pamoja na wenzake, mwaka 1977, mkusanyo wa ruwaza 253, kuanzia mpangilio wa miji hadi kiti cha dirishani.