Nani maskini? Historia fupi ya mstari unaochorwa kwenye ramani

UZI. Kila msimu wa bajeti tunasikia yale yale: "Eneo letu limesahauliwa, wenzetu ndio wanakula." Kabla hujampigia mtu makofi, tukumbushane jinsi Kenya imekuwa ikiamua ni eneo gani maskini, lipewe pesa za afya, maji na lishe. Sitataja chama wala mheshimiwa yeyote.

1. Nianze na yangu. Agosti 2019 nilikuwa karani wa sensa kwenye mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Chumba kimoja, mama na watoto watatu. Nikajaza: paa la mabati, sakafu ya simiti, stima ipo, runinga ipo. Nikamuuliza mbona watoto wamelala mapema hivyo. Akanijibu, "Wakilala hawaulizi chakula." Nikatafuta mahali pa kuandika hilo kwenye fomu. Hapakuwepo. Kwa makaratasi, huyo mama alikuwa sawa tu.

2. Sasa turudi nyuma. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Hesabu ilikuwa kwamba faida ya huko ingefikia wengine baadaye. Kwa hivyo swali la kwanza halikuwa "nani anaumia?" Lilikuwa "nani atatuzalishia?" Mwenye nacho akaongezewa. Kaskazini ikaambiwa ingoje.

3. Mwaka 2003 hesabu ilianza kubadilika. Ofisi ya takwimu ilitoa ramani ya umaskini iliyoshuka hadi kwenye lokesheni, kwa kuunganisha utafiti wa kaya wa 1997 na sensa ya 1999. Mwaka huo huo sheria ya CDF ikapitishwa. Watu husema CDF iliundwa kwa ajili ya maskini. Ukweli ni kwamba robo tatu ya pesa iligawanywa sawa kwa maeneo bunge yote, na ile robo iliyobaki ndiyo iliyofuata kiwango cha umaskini.

4. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Nani anasema eneo gani limetengwa? Tume ya Ugavi wa Mapato. Hiyo ni kazi ya tume, siyo ya mtu aliye jukwaani na kipaza sauti.

5. Orodha ya kwanza ya tume ilikuwa na kaunti 14. Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit na Tana River zilikuwemo, na pia Kilifi, Kwale na Lamu. Hakuna aliyeshangaa. Lakini kaunti ni pana. Ndani ya kaunti "tajiri" kuna vijiji visivyo na zahanati, na ndani ya kaunti "maskini" kuna miji yenye kila kitu. Wastani huficha watu pande zote mbili.

6. Ndiyo maana sera ya pili, ya 2018, ilishuka chini ya kaunti na kutambua maeneo zaidi ya 1,400 katika kaunti 34. Hapo kelele zikaanza, kwa sababu mstari ukisogea kuna anayeingia na kuna anayeona mgao wake umepunguka. Ukisikia kiongozi analalamika kwamba "tumeibiwa," kwanza angalia kama ni wizi au ni mstari uliosogea.

7. Lishe nayo ina ramani yake. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kilifi ilikuwa asilimia 37. Mpango wa NICHE, unaowapa akina mama pesa pamoja na mafunzo ya lishe, ulianza Kitui na Machakos, kisha ukapelekwa Kitui, Kilifi, West Pokot, Turkana na Marsabit. Ni chaguo linaloeleweka. Lakini yule mama wangu wa Nairobi hayuko kwenye hiyo ramani, na watoto wake wanalala na njaa ile ile.

8. Kwa hivyo mtu akikuambia eneo lenu limenyimwa, au eneo lingine limependelewa, muulize maswali matatu. Umepima nini: mabati, mapato au urefu wa mtoto? Umepimia wapi: kaunti, eneo bunge au kata ndogo? Na takwimu zako ni za mwaka gani? Akishindwa kujibu, anatafuta kura tu.

9. La mwisho, na hili lina saa inayokimbia. Katiba inasema Hazina ya Usawazishaji itakoma baada ya miaka 20, yaani 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Anayekuja kuomba kura yako, muulize msimamo wake kuhusu hilo. Halafu muulize ni kata ndogo gani za kwenu zimo kwenye ile orodha. Ni orodha ya umma. Hana sababu ya kutoijua.