Namna Hitilafu za Kebo za Mtandao wa Etheneti Zinavyobainishwa

Mwananchi anayefika kwenye kaunta ya huduma na kuambiwa kuwa "mtandao unasumbua" hudhani kuwa tatizo liko kwa kampuni ya intaneti. Huenda hitilafu iko mita chache tu kutoka aliposimama, katika kebo iliyopita juu ya dari kuelekea kwenye swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi. Kebo hizo hutumika katika mfumo wa Etheneti, ulioasisiwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox nchini Marekani na Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs.

Fundi huanza kwa kutazama taa ya tundu la swichi. Ikiwa imezimika, hubadilisha waya mfupi wa mezani, kisha huhamishia kebo kwenye tundu jingine. Tatizo likihama pamoja na kebo, tundu la awali halina kosa. Hata hivyo, taa kuwaka si uthibitisho wa uzima. Kebo ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, ilhali megabiti 1,000 huhitaji zote nne. Jozi moja kati ya zile mbili za ziada ikikatika, baadhi ya vifaa hushuka hadi megabiti 100 huku taa ikiendelea kuwaka, na watumishi hubaki wakilaumu kompyuta.

Kosa gumu zaidi kugundua ni kuchanganya jozi wakati wa kufunga plagi. Kifaa cha kupimia cha bei nafuu, kinachowasha taa kuanzia 1 hadi 8, hukagua tu iwapo umeme unapita ncha hadi ncha, hivyo kebo ya namna hiyo hufaulu. Lakini msokoto ndio unaozuia mawimbi ya jozi moja kuingilia jingine. Ukivurugika, data huharibika njiani na swichi huhesabu makosa hayo. Hesabu hiyo isomwe kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi.

Kupata mahali penyewe hutegemea mwangwi. Kifaa maalumu hutuma pigo fupi la umeme ambalo hurudi linapokutana na mkato. Katika kebo ya shaba pigo husafiri kwa takribani theluthi mbili ya kasi ya mwanga, yaani mita 200 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya nusu ya muda huo, pigo limesafiri mita 100 kwenda na kurudi. Mkato uko umbali wa mita 50. Baadhi ya swichi za kisasa zina uwezo huo ndani yake.

Fundi hulazimika kwanza kuingiza kiwango cha kasi cha aina ya kebo husika. Kosa la asilimia 5, mkato ukiwa mita 60, humpeleka mita 3 pembeni, na dari hufunguliwa bure. Ni vyema kupima kutoka ncha zote mbili: jumla ya vipimo isipolingana na urefu wa kebo, kiwango kilichoingizwa kimekosewa.