Bata Maji wa Nepryadva

Filamu hii ya katuni ilitengenezwa mwaka 1980 katika studio ya Soyuzmultfilm, Moscow, miaka 600 kamili baada ya vita inavyovisimulia. Mwongozaji wake ni Roman Davydov, ambaye kabla ya hapo aliwachorea watoto wa Kisovieti hadithi za Mowgli.

Tarehe 8 Septemba 1380, mahali Mto Nepryadva unapoingia Mto Don, Mwanamfalme Dmitry wa Moscow alipambana na jeshi la Mamai, mtawala wa Kitatari. Alishinda, na tangu hapo akaitwa Donskoy, yaani wa Don. Masimulizi ya kale yanasema kwamba kabla majeshi hayajavaana, mtawa Peresvet na shujaa Chelubey walichomana mikuki, wakafa wote wawili. Hapo historia na hekaya zimeshikana mikono, na si kazi ya mchoraji kuzitenganisha.

Enzi filamu hii ilipotengenezwa, kompyuta haikuwa na nafasi katika uchoraji wa katuni. Mchoro ulianza kwa penseli kwenye karatasi, ukahamishiwa kwa wino juu ya seluloidi angavu, kisha rangi ikapakwa upande wa nyuma ili mistari isifunikwe. Sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, bado inahitajika michoro 12. Hebu fikiria, basi, farasi mmoja tu anayekimbia: miguu minne, singa, mkia na mpanda farasi mwenye ngao, vyote vikichorwa upya kwa subira, karatasi baada ya karatasi.