Vilima vya Majivu na Barabara za Sudan Kusini

Sudan Kusini ni nchi ya barabara chache za lami na vilima vingi vya majivu, na historia ya vitu hivi viwili imeingiliana kuliko anavyoweza kudhani msafiri anayetoka Juba kwenda Nimule kwa barabara ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012, ambayo ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini humo.

Asili ya vilima hivyo inaonekana hata leo kaskazini mwa Juba, upande wa Terekeka, ambako wafugaji wa Kimundari hukusanya samadi ya ng'ombe, wakaianika juani mpaka ikauke, na jioni wakairundika na kuiwasha ili ifuke moshi mzito wa kufukuza mbu. Asubuhi hubaki jivu laini kama unga, ambalo watu hujipaka mwilini na kuwapaka ng'ombe wao, na linalosalia huachwa palepale. Kambi inayorudiwa kila msimu mahali pamoja, ikapokea jivu, samadi, mifupa ya samaki, vigae na udongo wa vibanda vilivyoungua, hupanda kidogo kidogo; na kwa kuwa nyanda za huko hufurika, mwinuko wa hatua chache tu huwa sababu tosha ya kizazi kinachofuata kurudi hapo hapo.

Wanaakiolojia wa Ulaya nao wanavyo vilima vyao vya moto, ingawa ni vya namna nyingine. Ireland, ambako uchimbaji wa kitaalamu hutangulia ujenzi wa barabara kuu, yamefukuliwa mamia ya malundo ya mawe yaliyopasuka kwa joto, mengi yakiwa ya Enzi ya Shaba Nyeusi, yaani zama ambazo zana zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati. Mawe yalichomwa, yakatumbukizwa katika hori la maji mpaka maji yachemke, kisha yakatupwa kando, nayo yakajenga lundo lenye umbo la kiatu cha farasi. Lakini katika nyanda za mfinyanzi mweusi za Naili ya Juu, Sudan Kusini, ambako mtu anaweza kutembea siku nzima asione jiwe, kilima hujengwa kwa jivu na udongo uliookwa, na ushahidi mkuu wa mchimbaji ni mifupa na vyungu.

Uchimbaji wa kisayansi ulichelewa kufika. Mwaka 1979 Nicholas David na wenzake, chini ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, walichimba vilima kadhaa, kikiwemo Dhang Rial katika eneo la Bahr el Ghazal, na baada yao Peter Robertshaw na Mfini Ari Siiriäinen wakachimba katika eneo la Maziwa. Walikuta tabaka juu ya tabaka za makazi, pamoja na vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, pambo linalojulikana pia katika sehemu nyingi za Uganda na Kenya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Sudan mwaka 1983 vilikatiza kazi ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Kabla ya hapo, barabara na kilima vilikuwa vimekwisha kukutana, na kwa namna mbaya. Mwishoni mwa karne ya 19 Ngundeng Bong, nabii wa Wanuer wa Lou, aliwaongoza wafuasi wake kujenga kilima kinachokadiriwa kuwa na urefu wa futi 50 hadi 60, kwa heshima ya mungu Deng, wakakizungushia pembe za ndovu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliandika kwamba kilijengwa kwa majivu, udongo uliookwa na matope yaliyochimbwa katika maeneo ya kambi za ng'ombe. Kwa maneno mengine, Ngundeng alichukua takataka za karne nyingi za ufugaji akazifanya hekalu. Mwaka 1927 utawala wa Kiingereza ulipotaka kupitisha barabara katika nchi ya Lou kwa nguvu kazi ya wenyeji, mwanawe Guek alihesabiwa kuwa kiongozi wa upinzani. Zikatumwa ndege za kivita, na mwaka 1928 wanajeshi wakakilipua kilima mbele ya machifu walioitwa kushuhudia. Baruti ilikimega tu, haikukifuta. Guek aliuawa hapo mwaka 1929, na fimbo ya baba yake iliyochukuliwa wakati huo ilirudishwa Juba mwezi Mei 2009 na mwanahistoria Douglas Johnson.

Barabara inayojengwa sasa kutoka Juba kupitia Terekeka na Yirol hadi Rumbek inaingia katika eneo lile lile la Maziwa. Hatari kwa vilima haipo katika mstari wa barabara peke yake. Tuta la barabara katika nyanda za mafuriko linahitaji udongo mwingi wa kujazia, na kilima kikavu chenye udongo mwepesi humvutia mwendesha tingatinga kuliko mfinyanzi unaonata. Dalili za kukitambua ni nyepesi kwa anayezijua: ukingo wa shimo la kuchimbia udongo huonyesha michirizi ya kijivu, myeupe na myekundu iliyolaliana, na katikati yake vigae vyenye alama za kamba.