KARIAKOO: SOMO KWA MZAZI ANAYEMSAFIRISHA BINTI UARABUNI



Ndugu yangu wa Jangwani, Gerezani na kwingineko, jina Kariakoo unalitaja kila siku. Je, unajua lilikotoka?

Wajerumani walijenga pale jengo la soko. Kabla halijafunguliwa, vita vya 1914 vikaanza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukalifanya Kariakoo. Soko likaja kufunguliwa 1923, jina likabaki. Na Nairobi wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo.

Wapagazi hao walikuwa vijana wa Afrika Mashariki na nchi jirani, wengi wakichukuliwa kwa nguvu kupitia machifu. Walibeba unga na risasi mamia ya maili kutoka kwao. Zaidi ya 90,000 walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na lishe mbovu. Na ujira wa wengi katika waliokufa haukuwafikia warithi, kwa kuwa majina yao na vijiji vyao viliandikwa ovyo, basi mwenye haki hakupatikana.

Tazama pia mashamba ya mkonge. Mawakala walizunguka Kigoma, Songea na Njombe kuchukua wanaume wa mkataba. Tuliwaitaje? Manamba! Yaani mtu aliondoka kwao na jina, akafika kambini akawa namba.

Sasa linganisha na leo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya mabinti wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50, na karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti. Wengine waliahidiwa mshahara huu, wakalipwa mwingine. Kwa mfumo wa kafala, kibali cha kuishi kule kimefungwa kwa mwajiri, hivyo anayekimbia mateso huhesabika mkosaji. Wapo waajiri wema, na wapo waliorudi na kheri. Lakini haki ya mtu haiachwi kwenye bahati.

Dini yetu imelisema hili mapema. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan mkimbizi, hana mtu. Mzee aliyemwajiri hakuutumia unyonge wake: alimtajia muda, miaka minane, na ikiwa kumi basi ni kwa hiari yake, na akamwambia hataki kumtaabisha. Masharti yalijulikana kabla kazi haijaanza. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, anayemuuza mtu huru na anayemtumikisha mtu asimlipe wamewekwa safu moja: Allah ndiye hasimu wao Siku ya Kiyama. Serikali nayo ina sheria ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu.

Kwa hiyo mzazi, kabla binti hajapanda ndege:

1. Hakikisha wakala ana kibali. Kwa Tanzania Bara, waulize wizara inayoshughulikia kazi na ajira. Usitosheke na "namfahamu huyu".
2. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoifahamu: kazi, mshahara, mapumziko, na nani analipa tiketi ya kurudi.
3. Baki na nakala ya mkataba, ya pasipoti na anwani kamili ya mwajiri.
4. Ajue namba ya ubalozi wetu kwa kichwa, maana simu inaweza kuchukuliwa.
5. Wekeaneni neno la siri la kuomba msaada.

Usiseme kuandika ni kukosa tawakkul. Ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akamtegemea Mola wake. Wale wa 1916 hawakuwa na wa kuwaandikia majina sawasawa. Binti yako anaye: ni wewe.

Allah awahifadhi watoto wetu walioko ugenini, awarudishe salama na haki zao mikononi. Aamin.

Mfikishie na mwenzako ambaye binti yake yuko mbioni kusafiri.