Ugonjwa wa SS: kinachotokea ndani ya damu, na kwa nini mama asilaumiwe

Karibu kila mchungaji amewahi kuitwa katika nyumba yenye mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, macho yake ya manjano, ambaye ameongezewa damu mara nyingi. Mara nyingine lawama hufika kabla ya mchungaji: mtoto amelogwa, au mama ameleta laana ya ukoo wake. Nimeketi katika vikao vya namna hiyo. Nimeona mama akirudishwa kwa wazazi wake kwa ajili ya ugonjwa ambao nusu yake ilitoka kwa baba. Ni vema tuelewe ugonjwa huu unavyofanya kazi.

Jina lake

Kwetu Kongo watu husema drepanositozi, au kwa kifupi SS. Waswahili wa Tanzania na Kenya huuita selimundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda kama mundu. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizo mwaka 1910. Leo nchi yetu, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya zile ambamo watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huu.

Kosa dogo, matokeo makubwa

Ndani ya kila chembe nyekundu mna mamilioni ya molekuli za protini iitwayo hemoglobini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kwenye mapafu na kuiachilia mwilini. Kila hemoglobini ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta umeungwa kwa asidi amino 146, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Kwa mgonjwa wa SS, shanga ya sita tu imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini.

Asidi ya glutamiki hupenda maji, lakini valini huyakwepa kama mafuta. Hemoglobini inapoachilia oksijeni, umbo lake hubadilika, na valini hiyo hupata kishimo kinachoifaa kwenye hemoglobini ya jirani. Zinashikana. Ya tatu inajiunga, kisha ya nne, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu, ngumu, zinazopindisha chembe nzima. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, wakauita ugonjwa wa molekuli.

Chembe ngumu hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza. Tena, huvunjika upesi: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hii huishi siku 10 hadi 20. Kwa hiyo damu hupungua na macho huwa ya manjano. Ukosefu wa maji mwilini, homa, baridi na mahali pa juu penye oksijeni haba huongeza hatari. Wakaaji wa milima ya Kivu walikumbuke jambo hili.

Kwa nini mtoto mchanga huonekana mzima

Tumboni, mtoto hutumia hemoglobini ya namna nyingine, isiyo na mnyororo wa beta. Hiyo huzuia nyuzi zisiungane. Inapopungua, kwa kawaida kuanzia miezi sita hivi, dalili hutokea. Wengi husema, « alizaliwa mzima, kisha akalogwa ». Kumbe ugonjwa ulikuwemo tangu mimba. Kinga ndiyo iliyopungua.

Dawa ya hidroksiurea hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: hurudisha sehemu ya hemoglobini ya utotoni. Utafiti uliofanyika Kongo, Angola, Kenya na Uganda, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, walihitaji damu mara chache, na vifo vilipungua. Hutolewa na daktari, akifuatilia vipimo vya damu.

AS, AA na SS

Kila mtu hupokea jeni moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye AS kwa kawaida haugui, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hii imedumu katika nchi zetu zenye mbu. Lakini AS akioana na AS, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto SS, 2 kati ya 4 za AS, na 1 kati ya 4 ya AA. Hakuna SS bila mchango wa wazazi wote wawili.

Tusichanganye haya na makundi ya damu A, B na O. Mtu anaweza kuwa na kundi A na bado akawa SS. Kipimo kinachotakiwa huitwa elektroforezi ya hemoglobini.

Tufanye nini

Vijana wapime kabla ya posa, wakati uamuzi bado ni mwepesi. Waliokwisha kuoana wasitengane kwa sababu ya kipimo, wasaidiwe. Mtoto SS anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote, na homa yoyote ipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tumwombee, lakini maombi yasimcheleweshe njiani. Na tutoe damu, kwani mara nyingi uzima wake hutegemea chupa moja.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza, katika Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. Bwana alikataa kuwalaumu wazazi. Tukiitwa katika kikao cha familia, na sisi tuanzie hapo.